Baba aliadhini Magharibi jua halijazama, kijiji kikafuturu, kikamvunjia heshima. Ugonjwa wa kusahau si uchizi

Wakuu, salaam kwenu nyote, mnaofunga na msiofunga.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkiona sentensi imekaa upande mnivumilie. Haya yamenipata mimi na baba yangu mzazi, sikusimuliwa na mtu. Chumvi sijaongeza. Chumvi iliyomo ni ile baba aliyokuwa anatia kwenye chai, tutafika huko.

Kijiji sikitaji. Jueni tu ukitoka Kibiti ukavuka daraja kwenda kusini, ukaiacha lami kuelekea upande wa Mohoro, ndiko kwetu. Watu wa mpunga na samaki wa mtoni.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani. Nilikuwa na kibanda changu Kibiti karibu na stendi, nashona sare za shule na magauni ya shughuli. Sasa hivi cherehani iko barazani kwa baba kijijini. Sababu ndiyo uzi huu.

Baba alikuwa muadhini wa msikiti wetu tangu mimi sijazaliwa.

Alfajiri haamshwi na alamu. Anaamka mwenyewe, anatia udhu, anakwenda. Mvua inyeshe, mto ujae, homa imkamate, anakwenda. Wakati wa mpunga nusu ya kijiji inahamia bondeni, wanakaa kwenye madungu, vile vibanda vya kuinuliwa juu ya miti, wakilinda ndege na nguruwe. Huko hakuna umeme na simu zinazima chaji. Saa yao ilikuwa sauti ya baba. Kabla hata msikiti haujafungwa spika, akisimama mlangoni akaweka mikono masikioni, wa bondeni wanasikia na wanaacha kazi.

Nayasema haya ili mjue alikuwa nani pale kijijini. Hakuwa tajiri wala mwanasiasa. Jina lake lilikuwa ni ile sauti na ule uaminifu, na hilo jina ndilo ninalolipigania mpaka leo.

Mkewe, mama yangu, alishatangulia. Nyumbani baba alikuwa anaishi peke yake, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye ni baba yangu mdogo, akikaa nyumba ya pili. Mimi nilikuwa nakuja mara kwa mara.

Dalili zilianza taratibu, nasi tukazichukulia utani.

Anauliza jambo, unamjibu, anageuka, anauliza tena lile lile. Chai anatia chumvi, anainywa yote na kuisifia. Kofia yake ya lulu aliificha mwenyewe ndani ya gunia la mpunga, halafu akamtuhumu jirani kwamba kaiiba. Akaanza kuniita Mwanahawa, ambalo ni jina la dada yake aliyefariki zamani.

Siku moja alitoka shambani kwa njia aliyoipita maisha yake yote, akatokea kijiji cha pili. Bodaboda mmoja akamtambua akamrudisha. Tulicheka. Na yeye akacheka.

Kitu ambacho sikukijua wakati ule ni kwamba mgonjwa mwenyewe mwanzoni anahisi kuna jambo haliko sawa, na anaficha. Baba alikuwa hodari wa kuficha. Ukimuuliza leo siku gani, anakurudishia: "Nyie ndo wenye masimu, mwaniuliza miye?" Watu wanacheka, mazungumzo yanahama. Kumbe alikuwa hajui.

Sasa njooni kwenye ile Ramadhani.

Iliangukia kipindi cha mvua. Nilifunga kibanda Kibiti nikaja kufunga naye. Siku hiyo wingu lilikaa tangu mchana, zito, ndani ya nyumba unahitaji taa. Niko jikoni, muhogo ndiyo kwanza unachemka, nazi hata sijaikuna.

Mara nasikia spika ya msikiti inakoroma, kisha baba huyo. Adhana ya Magharibi.

Cha kwanza nilijilaumu. Nikasema leo nimechelewa na jiko, baba atarudi akute futari haijaiva. Haikunijia kabisa kwamba adhana ndiyo imewahi. Nikachota maji, nikanywa.

Na sauti ilikuwa safi wakuu. Herufi zote mahali pake. Sauti ile ikikwambia jua limezama, nani wa kubisha?

Kijiji kizima kilifuturu. Wenye uji wa pilipili manga walikunywa, wenye tende walitafuna. Bondeni kwenye madungu nao wakala walichokuwa nacho.

Halafu wingu likapasuka. Jua hilo hapo juu ya minazi, linatutazama.

Naomba hapa nisimame kidogo maana hasira inapanda. Kijijini kwetu kuna watu wanatembea na simu mbili mbili mfukoni, na saa mkononi juu yake. Hakuna aliyeangalia. Wote walimwamini baba, wote wakala, na jua lilipotoka wote wakatafuta mtu wa kumlaumu. Mzee wa watu ndiye akawa mkosaji peke yake.

Kidini jambo lile lilikuwa na jibu lake. Imamu wetu alilisema pale pale kwa upole: mlikula mkidhani jua limezama, basi jizuieni hadi Magharibi yenyewe, na siku hii mtailipa baada ya Idi. Yakaisha. Imamu namheshimu mpaka leo.

Lakini mwenyekiti wa kamati ya msikiti hakutosheka. Alimpita imamu, akashika kipaza sauti, akatangaza. Nanukuu kama nilivyosikia nikiwa uani kwetu, na kama walivyosikia wa bondeni:

"Tangazo! Mzee aliyeadhini hana akili timamu. Kuanzia leo akiadhini huyu msimfuate. Kawaharibia watu funga zao, na mwenyewe yupo hapa anacheka!"

Nilivaa ushungi nikakimbia msikitini.

Baba alikuwa amekaa ukumbini, wanaume wamemzunguka wanapiga kelele. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatabasamu, kwa sababu haelewi kinachoendelea, na baba yangu ni mstaarabu, asipoelewa anatabasamu.

Nilimshika mkono tukaondoka. Njiani akaniuliza: "Nani huyo kaadhini jua lipo?"

Nikazidi kumvuta mkono.

Akaendelea: "Mtu kama yule hafai kupewa spika. Watu wamefunga bwana."

Nikamwambia ni kweli baba. Nilikuwa nalia, na yeye akaniuliza nani kaniudhi.

Kuanzia kesho yake akavuliwa uadhini. Hilo silipingi. Niwe mkweli, mtu aliyepoteza saa hawezi kuachiwa kuita watu kwenye swala peke yake. Ninachopinga ni namna.

Baba hakumbuki kwamba amevuliwa. Kwa hiyo kila kipindi cha swala anavaa kanzu, anakwenda msikitini, anaelekea kwenye kabati la spika. Na kila anapofika, mwenyekiti au mtu wake anamzuia na kumfokea: "Mzee, si tulishakwambia!" Yeye hakumbuki kuambiwa. Kwake yeye kila mara ndiyo mara ya kwanza. Anafukuzwa upya, anashangaa upya, anaumia upya, anarudi nyumbani ameinama. Baada ya hapo anasahau, na swala inayofuata anakwenda tena.

Watoto nao wakapata mchezo. Wakamwita Mzee Magharibi. Anapita njiani saa sita mchana, wanapiga kelele, "Mzee Magharibi, jua limezama?" Na yeye anatazama juu, anawajibu kwa adabu kwamba bado. Wazazi wao wako barazani wanasikia. Kuna mmoja nilimfuata nikamuuliza kwa nini hamkemei mtoto, akaniambia, "Utoto tu huo dada." Utoto! Walikosikia jina ni kwao, walitoka nalo ndani ya nyumba zao.

Na wageni sasa. Hii tabia tuiache jamani. Mtu anakuja kumjulia hali mgonjwa, hata hajakaa, anaanza mtihani: "Mzee, mimi nani? Nitaje! Hebu nitaje jina!" Baba anahangaika, jasho linamtoka, mgeni anageukia wenzake anatikisa kichwa, "Duh, kweli kaisha." Kaisha nini? Wewe umekuja kumwona au kumsahihisha? Sema, "Shikamoo mzee, mimi fulani wa fulani, nimekuja kukusalimu." Imekugharimu nini?

Maneno yakaanza kuzunguka. Wengine wakasema amerogwa na anayeutaka uadhini. Wengine wakasema anajifanya. Baba mdogo yeye akashika la jini.

Siku moja nilikwenda Kibiti kufuata vitambaa. Niliporudi nilimkuta baba amelala ubavu, mikononi ana alama za kamba, mgongoni ana mistari ya fimbo.

Baba mdogo alimpeleka ng'ambo ya mto kwa mtu mmoja anayejiita mwalimu, ati anatoa majini. Wakamfunga, wakamsomea, wakamchapa ili jini litoke.

"Jini limekaa kwenye kichwa, mwanangu," baba mdogo ananiambia. "Ndo linamzuga saa."

Wakuu, mimi Mwislamu na sipingi dua. Namsomea baba kila siku, na kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, amekunywa kwa mkono wangu. Ninachokataa ni kumfunga kamba mzee aliyewaita watu kwenye swala maisha yake yote na kumchapa kwa jina la dini hiyo hiyo. Nilipiga kelele siku ile mpaka majirani wakajaa uani. Shangazi mmoja akanishika akasema nisimvunjie heshima baba mdogo. Nikamuuliza, na ya huyu aliyelala hapa nani anaiangalia?

Pale ndipo nilipohamisha cherehani.

Nilianzia zahanati moja. Aliyekuwepo hakumwangalia baba usoni. Akaniambia, "Uzee tu huo mama, mpe matunda." Uzee tu. Hiyo kauli imewaua wengi kimyakimya. Huyo baba mdogo ni mzee pia, mbona hatii chumvi kwenye chai?

Nikaenda hospitali ya wilaya, na nikamlazimisha baba mdogo tufuatane naye, nilitaka asikie kwa masikio yake. Huko walitusikiliza. Wakampima sukari, presha, damu na mkojo. Walinieleza sababu: kuna wazee wanachanganyikiwa kwa ajili ya maambukizi, au dawa wanazotumia, au upungufu wa kitu fulani mwilini, na wakitibiwa wanarudi sawa. Kwa hiyo msikimbilie kukata tamaa kabla ya vipimo. Kwa baba hayo hayakuonekana. Tukapewa rufaa kwenda Dar.

Dar tulimwona daktari bingwa, mwanamama, hana haraka. Alianza kwa kumwamkia baba na kujitambulisha. Akamuuliza habari za mpunga kwanza, akamwacha azungumze. Kipimo cha kichwa kikafanyika. Kisha akatukalisha mimi na baba mdogo.

Akasema ni dementia. Ugonjwa wa ubongo, una majina na aina zake, na hausababishwi na mtu kuwa na dhambi wala ukaidi. Sehemu za ubongo zinakufa kidogo kidogo. Kinachoanza kuondoka ni mambo ya karibuni: alichokula, uliyemwambia, saa ngapi. Ya zamani yanabaki hadi mwisho mwisho. Ndiyo maana anamwona dada yake aliyekufa, ndiyo maana adhana haikosei hata irabu moja ila hajui ni adhana ya saa ngapi.

Nilimuuliza kama atapona. Akaniambia hapana, wala hakuzungusha maneno. Zipo dawa za kupunguza baadhi ya dalili, lakini kazi kubwa ni namna tutakavyoishi naye.

Baba mdogo akauliza swali moja tu: "Na viboko je, daktari?"

Daktari akamtazama. Akamwambia mgonjwa huyu anaweza kusahau aliyempiga na mahali alipopigwa, lakini hofu inabaki mwilini, anakuwa mwoga wa watu bila kujua sababu.

Kurudi, tukiwa ndani ya basi, tukafika kwenye daraja. Hapo baba mdogo akasema, anatazama dirishani: "Miye ndo nilomshika miguu."

Sikumfariji. Lakini tangu siku ile baba mdogo ndiye anayemwogesha kaka yake. Mimi ni binti, baba ananionea haya, alikuwa anakataa kuvua nguo hata akichafuka. Baba mdogo anaingia naye, wanaimba tungo zao za utotoni za Kindengereko, anatoka msafi. Kanzu anazifua mwenyewe. Hakuniomba msamaha kwa maneno, na mimi sikumdai, nilikuwa naona anachofanya.

Sasa niwaambie unavyokwenda, maana wengi mnao nyumbani na hamjui.

Mwanzo mtu anajiweza, ila anarudia maneno, anapoteza vitu, anatuhumu watu, anakosea hesabu na tarehe. Hapo ndipo watu wanapogombana naye sana, kwa sababu anaonekana mzima na wanadhani anafanya makusudi. Kipindi hicho ndicho cha kumpeleka hospitali na kumuuliza yeye mwenyewe anataka mambo yake yaweje, wakati bado anaweza kusema. Mimi nilikipoteza kipindi hicho, na sitaki mtu mwingine akipoteze.

Halafu anaingia kwenye kupotea njia, kuvaa shati kichwa chini miguu juu, kuogopa kivuli chake, kutotulia jioni. Baba jua likishuka anataka kwenda kwao. Yuko kwao, nyumba aliijenga kwa mikono yake, lakini anataka kwenda kwao. Zamani nilikuwa nabishana naye, "Baba hapa ndiyo kwako!" Anazidi kuchachamaa. Baadaye nikajifunza kusema haya twende. Tunazunguka shamba la mihogo, namuuliza habari za mama yake, tunarudi kwa mlango wa nyuma, ananiambia, "Alhamdulillahi tumefika."

Na mwisho inakuja ya kitandani. Kutembea kunakatika, kumeza kunakuwa shida, maneno yanapungua. Baba anaanza kuigusa hiyo. Chakula nakilainisha, namlisha akiwa amekaa wima, sina haraka. Choo kimeshakuwa kazi. Nalia nikiwa peke yangu na sioni aibu kusema, anayeuguza naye anahitaji mtu wa kumpokea akapumzike. Ukijifanya chuma utaanguka wewe kabla ya mgonjwa.

Mengine madogo madogo niliyojifunza: vitu visihamishwe mahali pake. Nguo zipange kwa mpangilio wa kuvaa. Mlango wa choo uache wazi aone kilipo. Sema jambo moja kwa wakati. Na kwa kuwa mimi ni fundi, nimemshonea namba yangu ya simu ndani ya mfuko wa kila kanzu, hata akipotea atakayemwona atanipigia. Imeshatusaidia.

Yupo mtu mmoja lazima nimtaje. Muadhini mpya, tumwite Idrisa, fundi baiskeli, mtu mzima mwenye wake na watoto. Huyu hakumfokea baba hata siku moja. Baba akifika kwenye kabati la spika, Idrisa anamshika mkono wa kulia na kumwambia, "Mzee wangu, leo nimekupokea, pumzika. Zamu yako kesho." Baba anaridhika, anakaa safu ya mbele. Hiyo kesho ikawa kila siku na haikuwahi kuleta ugomvi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Neno moja zuri lilikuwepo tangu mwanzo, wenzake wakachagua kufoka.

Tuliporudi kutoka Dar nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilikwenda kwa adabu, na baba mdogo yuko pembeni yangu. Nikamweleza alichosema daktari. Nikamwomba kitu kimoja: siku ya Ijumaa, watu wakiwa wamejaa, awaambie kwa spika kwamba mzee yule ni mgonjwa, hakukusudia, na watoto waache kumkejeli.

Akanijibu, "Mambo ya msikiti hayaletwi na wanawake."

Baba mdogo akamwambia, basi nayaleta mimi.

Mwenyekiti akageuza maneno: "Mkitangaza ugonjwa si ndo mtazidi kumdhalilisha? Yaacheni yapoe."

Yapoe! Wakati wa kumwita hana akili hakuwaza kudhalilisha, alipotakiwa kusema ni mgonjwa ndipo huruma ikamjia. Tukaondoka.

Hayo yamepita. Baba sasa haendi msikitini, miguu haimruhusu. Anaswali kitandani kwa macho na midomo.

Wiki iliyopita, kama mnavyojua, Ramadhani inakaribia na watu wanapitiana majumbani kuombana radhi kabla ya mwezi kuandama. Nikiwa barazani nashona, namwona mwenyekiti anaingia uani kwetu, kanzu imenyooshwa, peke yake.

Nikamkaribisha. Mgeni ni mgeni.

Akaingia chumbani kwa baba, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaamkia. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mwezi mtukufu huo, binadamu hatujijui, kama alimkosea kwa neno au kwa tendo anaomba radhi.

Baba alimtazama. Siku hizi kuzungumza kwake ni kwa bahati, ila siku hiyo alikuwa na nafuu. Akasema, polepole:

"Radhi ya nini, mwanangu? Weye na miye tumegombana lini?"

Baba akamshika mkono, akamwombea dua, dua nzuri kabisa, akamtakia umri na watoto wema. Wakuu, yule bwana alitoka machozi, sitamnyima hilo.

Akatoka akanikuta mlangoni. Akasema, "Mzee kanisamehe, Alhamdulillahi. Nasi yaishe."

Nikamwambia hapana.

Nikamwambia: mzee hajakusamehe, hakumbuki ulichomfanyia. Ulichokwenda kuchukua mle ndani ni adabu yake, na adabu alikuwa nayo hata siku uliyomtangaza. Wewe ulimvunjia jina kwa spika, kijiji kizima na bonde zima wakasikia. Leo umekuja kunong'ona chumbani, umesikika na mgonjwa tu. Watoto wa watu bado wanasimama hapo uchochoroni wanamwita Mzee Magharibi, na yeye yuko kitandani anasikia. Nenda kaseme Ijumaa, pale pale uliposemea, ndipo uje kwangu.

Akaniambia mimi nina moyo mgumu na kwamba Ramadhani hii nitafunga na kinyongo.

Tangu siku hiyo nyumbani kumegawanyika. Shangazi anasema mtu akishaomba radhi ukimkatalia dhambi inahamia kwako. Imamu kaniambia nina haki, lakini kusamehe ni bora zaidi. Baba mdogo yeye anafua kanzu tu. Ijumaa imeshapita moja, na spika haikusema neno lolote kuhusu baba.

Nimeandika haya kwanza kwa ajili ya mwenye mzazi anayerudia maneno na kuficha kofia. Usicheke kama tulivyocheka sisi, usimpige, usimpe mtihani, mpeleke akapimwe mapema. Huyo hajageuka mtu mwingine, ni mgonjwa, na jina lake analiacha mikononi mwako maana yeye hawezi tena kulitetea.

Na la pili nawauliza nyie, hasa mliosoma dini na mliouguza. Aliyekosewa hakumbuki kosa. Aliyekosa anataka radhi ya haraka afunge kwa amani. Anayekumbuka ni mimi. Nimpe?

Karibuni, nitasoma zote. Ila ukianza na "uzee tu huo", pita pembeni.